Benki Imekukata Pesa Isivyofaa? Hivi Ndivyo Unavyoweza Kuidai Hadi Mahakama ya Madai Madogo

Unaamka asubuhi, unaangalia salio la benki kwenye simu, na pesa zimepungua. Hujatoa. Hujatuma. Hujalipa mtu. Ukifungua stetimenti unakuta mstari mmoja mfupi umeandikwa "ada", na mbele yake KSh 300. Unanung'unika kidogo, halafu unaendelea na siku yako. Nani ana muda wa kupanga foleni kwa sababu ya mia tatu?

Hivyo ndivyo mia tatu zinavyogeuka kuwa elfu. Mwenzetu mmoja hapa kazini alifungua akaunti akiwa bado kwenye atachimenti, na akaambiwa wazi kwamba haina ada ya kila mwezi. Siku alipokaa chini na kusoma stetimenti yake vizuri, alikuta amekatwa KSh 300 kila mwezi kwa miezi 14. Hiyo ni KSh 4,200, bila kuhesabu ushuru uliotozwa juu ya hiyo ada. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba ya bedsita, hiyo si pesa ya kuachilia.

Alizidai na akazipata zote. Tutakueleza alivyofanya, lakini kwanza tuelewane kuhusu makato yenyewe.

Si kila makato ni dhuluma

Tunaanza hapa kwa sababu wateja wengi hutupigia wakiwa na hasira juu ya makato ambayo ni halali. Kuna mengine ukiyapeleka kwa benki utapoteza nauli bure:

- Ushuru wa bidhaa unaotozwa juu ya ada. Huo unaenda kwa KRA, benki inaukusanya tu.
- Ada ya kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Wengi tulizoea kutolipa tangu Machi 2020, wakati Benki Kuu ya Kenya ilipoiondoa kwa sababu ya korona. Ilirudi rasmi tarehe 1 Januari 2023.
- Ada yoyote iliyo kwenye orodha ya bei uliyopewa ulipofungua akaunti, au uliyokubali baadaye.

Makato ambayo una haki ya kuyauliza, na kuyadai, ni kama haya:

- Ada ambayo hukuambiwa, au uliambiwa haipo.
- Makato mara mbili kwa muamala mmoja.
- Muamala uliofeli, pesa ikatoka na haijarudi.
- Huduma ambayo hukuiomba, kwa mfano bima au kadi ya pili.
- Ada iliyopandishwa kimyakimya. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haiwezi kupandisha viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha.
- Riba iliyopita kiasi kwenye mkopo uliokwama. Kifungu cha 44A kinaweka kikomo. Kama ulibakisha deni la KSh 50,000 wakati mkopo ulipohesabiwa kuwa umekwama, riba inayoongezwa juu yake haiwezi kupita KSh 50,000 nyingine. Benki inaweza kuongeza gharama za kufuatilia deni, lakini riba yenyewe inasimama hapo.

Juu ya hayo yote, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayolipia. Kwa hivyo ukiuliza "hii mmenikata ya nini?" si kiburi. Ni haki yako.

Hatua ya 1: Toa stetimenti na uhesabu

Usiende benki na maneno matupu. Chukua stetimenti ya kipindi chote unacholalamikia. Weka alama kwenye kila makato yenye shida, kisha uandike orodha: tarehe, kiasi, jina la ada. Jumlisha. Jumla hiyo ndiyo dai lako.

Weka pia SMS zote. Tunajua simu ikijaa kitu cha kwanza kufutwa ni meseji za zamani, lakini ile SMS ya "umekatwa" inaweza kuwa ushahidi wako mkubwa. Piga skrinishoti, jitumie kwa imeili, na uchapishe nakala pale saiba.

Na usikate tamaa kwa sababu mambo yalianza kitambo. Madai yanayotokana na mkataba, na akaunti ya benki ni mkataba, yana muda wa miaka 6.

Hatua ya 2: Lalamika kwa benki, kwa maandishi

Kupiga simu ni sawa, lakini simu haiachi karatasi. Tuma imeili au peleka barua kwenye tawi, na uhakikishe umepewa nambari ya malalamiko au nakala yako imegongwa muhuri. Barua haihitaji Kiswahili cha vitabuni wala Kiingereza cha wakili. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mimi ni mteja wenu, nambari ya akaunti ni hii. Kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani nimekatwa jumla ya KSh 4,200 kama ada ya kila mwezi. Nilipofungua akaunti niliambiwa ada hii haipo. Naomba mnionyeshe mahali nilipoikubali. Kama hakuna, naomba mnirudishie pesa zote ndani ya siku 14. Nimeambatisha stetimenti."

Sentensi ya "mnionyeshe mahali nilipoikubali" ina nguvu kuliko unavyodhani. Inairudishia benki kazi ya kutafuta karatasi.

Hatua ya 3: Panda ngazi

Wakinyamaza, au wakikujibu "tunashughulikia" kwa mwezi mzima, peleka malalamiko kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo msimamizi wa mabenki yote. Ambatisha barua yako ya kwanza na jibu la benki kama lipo. Benki Kuu itataka kuona kwamba ulianza na benki yako, ndiyo maana hatua ya 2 huwezi kuiruka.

Wakati huohuo iandikie benki barua ya mwisho. Sema kiasi, toa tarehe ya mwisho, na uandike wazi kwamba usipolipwa kufikia tarehe hiyo utakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mwenzetu aliishia hapa. Wiki mbili baada ya barua hiyo, KSh 4,200 zilirudi kwenye akaunti. Hakuna aliyempigia kumuomba msamaha, lakini pesa ziliingia.

Hatua ya 4: Mahakama ya Madai Madogo

Sasa, kama benki bado imekaza, hapa ndipo Wakenya wengi hurudi nyuma. Ukisikia "mahakama" unafikiria miaka, mawakili na gharama kubwa. Mahakama hii iliundwa kwa sababu ya hofu hiyohiyo.

Ilianzishwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, na ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Baadaye zikafuata nyingine katika miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Mambo ya kujua ni haya:

- Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Mwanzoni kikomo kilikuwa KSh 200,000, kikapandishwa mwaka 2020.
- Inashughulikia mikataba ya bidhaa na huduma, na pesa zako zilizoshikiliwa na mtu mwingine. Makato ya benki yanaingia hapo. Kesi za umiliki wa ardhi, za kuharibiana jina na za kazi haizisikilizi.
- Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu isajiliwe.
- Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na unaweza kusema kwa Kiswahili.
- Anayesikiliza anaitwa mwamuzi. Hafungwi na zile kanuni ngumu za ushahidi za mahakama nyingine, kwa hivyo stetimenti, SMS na barua zako zina nafasi ya kusikika.

Unaanza kwa kujaza fomu ya madai. Unaandika wewe ni nani, unamdai nani, kiasi gani na kwa nini, halafu unaambatisha karatasi zako. Unaweza kusajili kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama na kulipia ada kwa simu. Ukikwama, nenda kwenye masijala ya mahakama uulize, hapo watu huulizwa maswali kila siku. Andika jina kamili la benki kama lilivyosajiliwa, si lile la kwenye matangazo. Ukikosea jina unaweza kurudishwa nyuma.

Baada ya hapo benki inapelekewa karatasi za kesi na kupewa nafasi ya kujibu. Weka ushahidi kwamba wamezipokea. Mkikubaliana wote wawili, mahakama inaweza kuwaacha mjaribu kupatana kwanza. Msipopatana, mwamuzi anawasikiliza na kutoa uamuzi.

Tukuambie ukweli pia

Benki inaweza kuja na wakili hata kama wewe huna. Usitishike, simama na karatasi zako na ueleze tarehe moja baada ya nyingine. Lakini ujue pia kwamba ukishindwa unaweza kuambiwa ulipe gharama, na rufaa kwenda Mahakama Kuu ni kwa masuala ya kisheria tu, si kwa sababu hukupenda uamuzi. Kwa hivyo kabla ya kusajili, jiulize maswali mawili. Je, nina karatasi ya kuonyesha nilikatwa? Je, nina sababu ya kuonyesha hawakustahili kunikata? Kama jibu la lolote kati ya hayo ni "sina hakika", rudi hatua ya 1.

Na kama makato yenye shida ni yetu sisi? Hatua ni zilezile. Tuandikie, dai nambari ya malalamiko, na utupe tarehe. Tusipokujibu vizuri, una haki ya kupanda ngazi kama unavyofanya kwa benki yoyote. Hatuwezi kukufundisha kusoma stetimenti ya wengine halafu tukuombe ufumbe macho kwa yetu.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua stetimenti yako ya miezi mitatu iliyopita na usome mstari kwa mstari. Ukikuta ada usiyoielewa, andika tarehe na kiasi, kisha kesho tuma ile barua.