Ala ya bastola: usalama unaoshonwa kwa mkono

Ngozi iliyolegea inaweza kufyatua bastola. Mdomo wa ala ukishachoka hukunjamana kuelekea ndani. Mwenye silaha anaporudisha bastola kiunoni bila kutazama, lile kunjo huingia ndani ya kizuizi cha chuma kinachozunguka kifyatulio, na kadiri anavyosukuma ndivyo ngozi inavyokikandamiza kifyatulio, hadi risasi inatoka ikiwa imeelekea paja au mguu wake mwenyewe. Ajali za namna hii zimetokea Marekani, nchi yenye bastola nyingi mikononi mwa raia, na ukiishika ala iliyochakaa ukaibinya mdomo kwa vidole utaona mara moja jinsi zinavyotokea.

Kwa hiyo kutengeneza ala ya bastola kwa mkono ni kazi ya usalama kwanza, urembo baadaye. Ala hupewa majukumu matatu. Iishike bastola isidondoke mwenyewe anapokimbia au kuinama. Ikifunike kifyatulio kisiguswe na kitu chochote. Tena iiachie silaha kwa mkono mmoja inapohitajika. Majukumu hayo yanavutana: ala inayobana mno haiachii, na inayoachia kirahisi mno haishiki. Fundi huyapatanisha kwa ngozi, maji, uzi na nta. Hata hatua ambazo mnunuzi huziona kuwa ni mapambo tu, kama kung'arisha kingo na kupaka rangi, zina mchango wake katika usalama huo.

Urithi wa mafundi matandiko

Ufundi huu ulikomaa magharibi mwa Marekani katika karne ya 19. Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake yenye silinda inayozunguka mwaka 1836. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, watu walimiminika huko kwa maelfu, wengi wao wakiwa na bastola viunoni. Waliowashonea ala ni mafundi wa matandiko ya farasi, kwani tayari walikuwa na ngozi nene, misharasi na uzi uliopakwa nta. Ala za California za miaka ya 1850 zilikuwa nyembamba, zikifuata umbo la silaha, na nyingi zilinakshiwa maua na majani kama matandiko yenyewe.

Miaka ya 1870 ulienea mtindo uliotoka upande wa Meksiko. Kipande kimoja cha ngozi hukunjwa kwa nyuma kuwa ubao mpana, ubao huo hukatwa mianya, kisha mfuko wa bastola hupenyezwa kwenye mianya hiyo ukashikwa papo hapo. Mkanda hupita katikati ya kunjo. Ni ubunifu wa hali ya juu, maana mshono ni mmoja tu na hakuna chuma chochote kinachoshikilia. Katika mji wa Cheyenne, Wyoming, fundi F. A. Meanea alitengeneza ala za aina hiyo zilizosifika sana.

Karne ya 20 ilipoingia, kitovu kimojawapo cha ufundi huu kilikuwa El Paso, Texas, mpakani mwa Meksiko. S. D. Myres, aliyeitwa kwa upendo “Tio Sam”, alihamishia karakana yake huko mwaka 1920. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo askari mmoja mashuhuri, Tom Threepersons. Askari huyo alitaka ala fupi, isiyo na ngozi ya ziada, inayokaa juu kiunoni, mtutu ukiwa umeelekezwa nyuma kidogo ili mkono ufike haraka. Mtindo huo ulibeba jina lake, ukaigwa na karakana nyingi, na hadi leo mafundi wanaukata.

Hata hivyo, ala ya Threepersons ilikuwa na jambo ambalo sasa tunalikataa: iliacha kifyatulio wazi, ili kidole kiwahi kufika. Wakati ule kasi ndiyo iliyopewa uzito. Miaka ya 1950 sinema na televisheni zilizidisha mapenzi hayo ya kasi. Arvo Ojala, aliyewafundisha waigizaji wa Hollywood kuchomoa bastola, alitengeneza ala yenye bati katikati ya tabaka za ngozi ili silinda izunguke bila kubanwa. Bastola za kisasa zimebadili hesabu. Nyingi hazina kitasa cha usalama cha kuzungusha kwa kidole, na mara nyingi vifyatulio vyake ni vyepesi kuliko vya rivolva, yaani bastola ya silinda, isiyokokiwa kwanza. Ndiyo maana kanuni ya kwanza siku hizi ni kwamba kifyatulio hufunikwa chote, kwa ngozi ngumu isiyobonyea. Nionavyo mimi, hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko yote katika historia ya kazi hii, na hayakuhitaji mashine yoyote.

Ngozi na magome ya Njombe

Ngozi inayofaa ni ya ng'ombe, iliyosindikwa kwa tanini ya mimea. Ngozi nyingi ya viatu na mikoba duniani leo husindikwa kwa chumvi za kromiamu, kwa kuwa kazi hiyo hukamilika kwa muda mfupi. Lakini ngozi ya kromiamu ni laini, haishiki umbo ikifinyangwa, na chumvi zilizosalia ndani yake zinaweza kukitia chuma kutu. Ngozi ya tanini huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na hutoka ikiwa nzito na ngumu, rangi yake ikikaribia ya mchanga mkavu. Ikilowa hulainika, na ikikauka hubaki katika umbo ililopewa. Kiwanda cha Hermann Oak cha St. Louis, Missouri, kilichoanzishwa mwaka 1881, kinaendelea kusindika ngozi kwa njia hiyo, na mafundi wa ala huithamini sana.

Hapo ndipo nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki zinapoingia katika habari hii. Miongoni mwa tanini zinazotumika sana duniani ni ile ya magome ya miwati, mti wenye asili ya Australia unaostawi kwenye baridi ya milimani. Kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo wengi wanaijua kwa jina la TANWAT, ilianzishwa Njombe mwaka 1949 ili kupanda miti hiyo na kutoa tanini kwenye magome yake. Eldoret nchini Kenya nako kulikuwa na mashamba makubwa ya miwati na kiwanda cha kampuni ya EATEC. Tanini ya nyanda hizi imesafirishwa ng'ambo kwa miongo mingi kusindika ngozi za watu wengine, huku mafundi wengi wa mitaani kwetu wakishonea ngozi laini ya kromiamu kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Jambo hili linaniuma. Malighafi ya ngozi bora kabisa tunayo, ng'ombe tunao, na Wamasai wametengeneza ala za sime vizazi kwa vizazi.

Wamarekani hupima unene wa ngozi kwa aunsi, na aunsi moja ni kama milimita 0.4. Ala ya kiunoni hukatwa kwenye ngozi ya aunsi 8 hadi 9, yaani kati ya milimita 3 na 4. Fundi makini huikata sehemu ya mgongo wa ng'ombe, ambako nyuzi za ngozi zimeshikamana. Ngozi ya tumboni ni ya bei nafuu, ila huvutika, na ala inayovutika ndiyo mwanzo wa ule mdomo unaokunjamana.

Sindano mbili, uzi mmoja

Baada ya kukata, fundi huchora mfereji mwembamba sambamba na ukingo ili uzi ulale chini ya uso wa ngozi usisuguliwe. Kisha huzungusha kigurudumu chenye meno juu ya mfereji huo, kinachoweka alama 6 hadi 8 kwa kila inchi. Kila alama hutobolewa kwa msharasi, ambao ncha yake si ya mviringo bali ina pembe nne kama almasi, ili tundu liwe mpasuo mdogo wa mshazari unaoubana uzi pande zote.

Uzi ni wa kitani au wa nailoni, umepakwa nta, na una sindano kila ncha. Sindano ya kushoto hupita tunduni, ya kulia hupita tundu lile lile kutoka upande wa pili, kisha mikono yote miwili huvuta kwa nguvu sawa hadi nta inalia kidogo kwenye ngozi. Mwishoni fundi hurudi nyuma matundu mawili au matatu, akakata uzi karibu na uso. Mshono wa cherehani huwa na nyuzi mbili zilizonasana, na wa juu ukikatika, wa chini unaweza kuanza kuachia. Katika mshono wa mkono kila tundu lina nyuzi mbili zinazopishana, kwa hiyo upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika. Kwa kitu kinachobeba silaha yenye risasi, naona hiyo ni sababu tosha ya kuvumilia kazi ya saa kadhaa.

Samaki mkunje angali mbichi

Hatua inayoamua ubora wa ala ni kuifinyanga. Ala iliyoshonwa huchovywa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, hutolewa, na huachwa hadi rangi yake ya awali inapoanza kurudi juu. Ikiwa na maji mno haishiki michoro, na ikikauka mno haikubali. Kisha huingizwa bastola bandia ya plastiki yenye vipimo sawa na ile halisi. Akitumia halisi, ni sharti iwe tupu kabisa, imekaguliwa zaidi ya mara moja, na imefungwa kwenye nailoni ili maji yasiifikie. Juu ya mtutu huwekwa kijiti chembamba ili ipatikane njia ya ncha ya kulengea isije ikakwaruza ngozi kila bastola inapochomolewa.

Fundi huanza kwa vidole gumba, akibonyeza ngozi polepole ilale juu ya chuma. Baadaye hushika kifaa laini cha mfupa na kufuata kila ukingo. Mahali pa kutulia zaidi ni pale penye kizuizi cha kifyatulio. Hapo huchimba bonde dogo nyuma ya ukingo wake, na bonde hilo ndilo linaloishika bastola. Kazi ikienda sawa, bastola inapoingia husikika mlio mdogo wa kukaa mahali pake, na ukiigeuza ala juu chini, silaha tupu haidondoki. Likichimbwa kina mno, mwenyewe atavuta na ala ifuate mkono.

Kukausha nako kuna adabu yake. Hewa ya kawaida yatosha, kwa siku nzima au zaidi. Wapo wanaotumia joto la wastani lisilozidi sana nyuzi 50 za Selsiasi, kwa kuwa joto jepesi huikaza ngozi. Moto mkali huiua, ikasinyaa na kupasuka.

Mwisho wa kazi ndio uhai wake

Kingo ndizo mlango wa maji. Fundi huzikata pembe, akazipiga msasa, akazilowesha kidogo, kisha akazisugua kwa kijiti cha mti mgumu hadi nyuzi za ngozi zinalala na kung'aa, tabaka mbili zikionekana moja. Mwishoni hupaka nta ya nyuki na kusugua tena. Ukingo uliofungwa hivyo haunywi jasho wala mvua, na tabaka zake hazibanduki.

Rangi ya spiriti huingia ndani ya ngozi lakini huikausha, hivyo hufuatiwa na mafuta ya miguu ya ng'ombe, kwa kitambaa, tabaka jepesi moja tu. Wengi huharibu kazi hapa kwa kudhani kwamba ngozi ikishiba mafuta ndiyo imetunzwa. Mafuta mengi huilainisha ala, na ulaini ndio adui. Kisha hufuata nta au akriliki ya kuziba vinyweleo, na ndani husuguliwa pawe laini ili vumbi la ngozi lisiingie kwenye silaha.

Plastiki ngumu ya Kydex, inayofinyangwa kwa joto, leo imechukua sehemu kubwa ya soko. Haijali maji, hailegei, na hutengenezwa kwa muda mfupi. Sifa hizo ni za kweli na fundi wa ngozi hana budi kuzikubali. Ngozi nayo haina kelele, haikwaruzi chuma sana, na hukaa vizuri mwilini kutwa nzima. Kinachodaiwa ni uangalizi. Bastola isilazwe ndani ya ala, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na tanini yake hula chuma, hasa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ambako hewa ya bahari hubeba chumvi. Na ala ambayo mdomo wake haubaki wazi wenyewe bastola inapotoka, imestaafu, hata kama ni zawadi ya baba.

Mafundi wa Cheyenne na El Paso walipiga muhuri wa jina na mji wao kwenye ngozi. Leo wakusanyaji huzitambua ala hizo kwa mihuri hiyo, lakini wakati ule ilikuwa dhamana: mshono ukiachia, mteja alijua mlango wa kugonga. Fundi wa Njombe, Eldoret au Mwanza anayeshona ala, mkanda au mkoba anaweza kuanza na desturi hiyo hiyo kesho asubuhi. Atakayeona haya kuandika jina lake kwenye kazi, asiiuze.