Mount Gelai Juu ya Meza: Jinsi ya Kuunda Mfano wa Injini ya Gari la Moshi



Muhula uliopita wengi wenu mliiona kwenye meza ya Chama cha Ufundi injini ndogo ya gari la moshi, yenye rangi ya damu ya mzee, mkaniuliza ilivyoundwa. Mhariri ameniruhusu nieleze katika kurasa hizi. Lakini kabla sijaanza sina budi kukiri kwamba injini mliyoiona ni ya pili. Ya kwanza ilisifiwa sana hapa shuleni, na kumbe ilikuwa na kosa kubwa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitambua.

INJINI YENYEWE

Injini niliyoichagua ni nambari 5918, jina lake Mount Gelai, ambayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ni moja katika injini 34 za aina ya 59 zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kila injini ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 104 na uzito wa tani 252. Katika injini zote za mvuke zilizopata kuundwa kwa reli ya upana wa mita 1, hakuna zilizozishinda kwa ukubwa wala kwa nguvu. Zilivuta mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa, ufukoni mwa bahari, hadi Nairobi, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 1,600. Kufikia mwaka 1980 zote zilikuwa zimeondolewa kazini.

Babu yangu alikuwa faiamani wa injini hizo. Hakuchota makaa kwa sepetu, maana zilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto, mafuta na maji ya boila. Leo yeye ni mzee wa miaka zaidi ya themanini, anakaa Voi, na macho yake yameingia giza kabisa. Nilitaka kumpelekea injini yake aishike mkononi.

VIPIMO

Jambo la kwanza ni kuchagua kipimo na kukifuata bila kudanganya. Mimi nilichagua moja kwa arobaini, yaani kila sentimita 40 za injini ya kweli ziwe sentimita 1 katika mfano. Kwa hiyo reli ya mita 1 ikawa ya milimita 25, na injini nzima ikawa na urefu wa kama sentimita 79. Siku tuliyozuru makumbusho nilichukua futi ya kamba, kalamu na daftari, nikapima kila nilichoweza kukifikia. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Picha huonyesha sura, bali haionyeshi kitu kina unene gani.

MAGURUDUMU NA BOILA

Injini hii ina magurudumu 28. Makubwa ni 16, nayo ndiyo yanayosukumwa na mvuke. Madogo ni 12, kazi yake ni kubeba uzito na kuongoza njia. Gurudumu kubwa lina kipenyo cha futi 4 na inchi 6, ambacho katika mfano huwa milimita 34. Nilishawishika kutumia vifuniko vya soda, kwa kuwa vina kama milimita 32. Lakini pengo la milimita 2 katika mfano ni sentimita 8 katika injini ya kweli, nikaviacha. Nilikata miduara ya plaiwudi kwa msumeno mwembamba, nikailainisha kwa msasa. Kwa magurudumu madogo nilipata vifungo vya koti vilivyokaribia sana kipimo.

Boila ni karatasi ya manila iliyoviringishwa. Kipenyo chake ni futi 7 na inchi 6, nacho katika mfano ni milimita 57. Ukizidisha 57 kwa 3.14 utapata 179. Basi nilikata karatasi yenye upana wa milimita 189, ile 10 ya ziada ikiwa ni ya kubandikia gundi. Tumia karatasi tatu, moja juu ya nyingine, kila moja ikikauka kabla ya nyingine kufuata. Ukifanya hivyo boila litakuwa gumu kama mti.

KOSA LANGU

Matangi, boila na chumba cha dereva nilivipanga vyote juu ya ubao mmoja mrefu, nikavikaza kwa gundi na misumari. Nikapaka rangi nene yenye kung'aa. Siku ya maonyesho tuliiweka juu ya reli iliyonyooka, watu wakapiga makofi.

Likizo ilipofika nilikwenda nayo Voi. Baada ya maamkizi nikamwekea Babu mapajani bila kumwambia ni kitu gani. Alipapasa bomba la moshi, akatabasamu. Akateremka na vidole mpaka magurudumu, akayahesabu kimoyomoyo, akaafiki kwa kichwa. Kisha akaishika injini kwa mikono miwili, mbele na nyuma, akajaribu kuikunja. Haikukunjika.

Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii inapita wapi kwenye kona?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nichukue benchi la sebuleni nilipitishe kwenye ujia wa nyumba, pale unapopinda kwenda jikoni. Benchi likakwama. "Mnyororo ungepita," akasema. "Garratt ni mnyororo."

VIUNGO VIWILI

Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokuwa nimekitazama makumbusho nisikione. Aina hii ya injini huitwa Garratt, kwa jina la mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt, na za kwanza ziliundwa na Beyer Peacock mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Kwa kweli ni vipande vitatu. Kipande cha mbele kina magurudumu yake, silinda zake na tangi la maji. Kipande cha nyuma nacho kina magurudumu na silinda zake, na juu yake hubeba mafuta na maji mengine. Boila na chumba cha dereva viko juu ya kipande cha kati, ambacho hakina gurudumu hata moja. Kimelazwa kama daraja baina ya wenzake, na kila mwisho kimeshikwa na kiungo kinachozunguka. Kwa sababu hiyo injini kubwa namna ile iliweza kupita kwenye kona za reli nyembamba. Tena, kwa kuwa hapana magurudumu chini ya boila, waundaji walipata nafasi ya kulifanya liwe nene, na boila nene ndilo lililotoa mvuke wa kutosha kupanda mlima.

Nilirudi shuleni nikaivunja injini yangu. Safari hii nilitengeneza mbao tatu. Kila kiungo ni parafujo moja yenye washa mbili na nati, isiyokazwa sana. Halafu tulitandika reli ya kona juu ya mataruma ya mbao, tukaisukuma injini polepole. Mbele ikageuka, boila likakata kona, nyuma ikafuata. Nilifurahi kuliko siku ile ya makofi.

VITU VIDOGO NA RANGI

Mikono ya kushikia ni waya mwembamba wa chuma, na mabomba ya mvuke ni waya wa shaba uliotoka katika mota mbovu. Ribiti hutengenezwa kwa kubonyeza karatasi upande wa ndani kwa ncha ya sindano butu, kabla ya kuibandika. Piga mstari kwa penseli kwanza, na nafasi kati ya ribiti ziwe sawa.

Rangi ndiyo huharibu kazi za wengi, na yangu ya kwanza iliharibika hivyo. Rangi nene hufukia ribiti zote. Babu alipapasa ubavu wa tangi akauliza kwa nini ni laini kama sahani. Changanya rangi ya mafuta na tapentaini mpaka iwe nyepesi, upake mara tatu, na kila mara uiache ikauke siku nzima. Mwishoni chovya brashi katika rangi nyeusi, uifute karibu yote kwa kitambaa, kisha upitishe juu ya bomba la moshi na kandokando ya silinda. Injini inayofanya kazi haikosi masizi.

Mabehewa ni rahisi zaidi. Tuliunda moja la wazi, tukalipakia matita ya katani yaliyofungwa kwa nyuzi za katani yenyewe.

MWISHO

Likizo iliyofuata nilikwenda tena Voi. Babu aliikunja injini kushoto na kulia, akanyamaza kitambo. Akapitisha kidole juu ya ribiti moja moja, akafika kwenye chumba cha dereva, akaingiza ncha ya kidole dirishani upande wa faiamani. "Hapa ndipo nilipokuwa nikikaa," akasema. Kisha akauliza rangi yake. Nikamjibu, damu ya mzee. Akacheka sana.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mnaotaka kuunda mfano wa mashine yoyote, pimeni, chukueni picha, someni. Lakini kabla ya kutia gundi, mtafuteni mtu aliyeifanyia kazi mashine hiyo, mkamuulize. Kona ya reli iko wazi kila Jumatano jioni katika karakana ya mbao, na kila mwanafunzi anakaribishwa.