Chengdu, mji wa pilipili inayotia ganzi

Wahenga walituachia methali: pilipili usiyoila yakuwashiani? Hii niliila, tena kwa kijiko, na kabla haijaniwasha ilinitia ganzi. Midomo ilianza kucheza yenyewe. Ulimi ukawa kama wa mtoto aliyelamba betri ya redio. Kisha joto likaja taratibu, likapanda hadi masikioni, jasho likachuruzika. Niliweka kijiko chini, nikameza wali mkavu, na muda si muda mkono ukarudi bakulini.

Hapo ni Chengdu, makao makuu ya jimbo la Sichuan, kusini magharibi mwa China, mji ambao UNESCO iliutambua mwaka 2010 kuwa mji wa mapishi. Bakulini ni mapo tofu: vipande vyeupe vya tofu, yaani jibini la soya, laini kama maziwa mgando, vikielea katika mafuta mekundu pamoja na nyama ya ng'ombe ya kusaga.

Mapo maana yake ni bibi mwenye makovu ya ndui. Inasimuliwa kwamba alikuwa mke wa bwana Chen, na mgahawa wao ulianza mwaka 1862 karibu na Daraja la Wanfu, mahali walipopumzikia wachukuzi wa mafuta ya kupikia. Kilikuwa chakula cha vibarua, bei nafuu, mchuzi kidogo unaoshushia wali mwingi. Mswahili hahitaji maelezo zaidi: hicho ni kitoweo.

Rangi yake nyekundu hutokana na doubanjiang, maharage mapana yaliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, ambayo sifa yake kubwa iko Pixian, kando ya Chengdu. Bora zaidi huachwa kwenye magudulia, kwa jua na umande, mwaka mzima na zaidi. Mpishi huanza kwa kuikaanga kwenye karai hadi mafuta yajitenge na kuwa mekundu, kama mama zetu wanavyosubiri mafuta yapande juu ya nyanya. Asiye na subira na hatua hiyo huharibu chakula kizima.

Ganzi kwanza, moto baadaye

Wenyeji huita ladha hii mala: ma ni ganzi, la ni ukali. Ukali huletwa na pilipili, ganzi huletwa na huajiao. Hiyo huajiao inafanana na pilipili manga, lakini ni ya ukoo wa ndimu na machungwa. Kinacholiwa ni ganda la tunda, mbegu hutupwa. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwapaka watu huajiao mdomoni, wakaona kwamba mtekenyo wake unalingana na mtetemo wa mara 50 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo midomo haikunidanganya. Kweli ilihisi kitu kinachotetema.

Na mti wa huajiao una ndugu kwetu. Mjafari, unaoota katika nyika za Kenya na Tanzania na ambao magome yake huchemshwa kuwa dawa ya homa, ni wa jenasi moja na huajiao. Sisi tuliupeleka kwa mganga, watu wa Sichuan wakaupeleka jikoni.

Pilipili ya bahari

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba pilipili kali si mwenyeji wa Sichuan. Asili yake ni Amerika. Maandishi ya Kichina yaliitaja mwaka 1591 kama fanjiao, pilipili ya wageni, na ilichukua muda mrefu kuzoeleka katika majiko ya bara. Huajiao ilikuwapo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Hadi leo wazee wa Sichuan huiita pilipili haijiao, yaani pilipili ya bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali mno na kwao. Waswahili tulifanya vivyo hivyo: ile nyeusi iliyokuja na majahazi tuliiita pilipili manga, kwa kuwa Manga ni Uarabuni. Jina limebaki kama muhuri wa safari.

Kutoka Chengdu, ukipanda treni kuelekea mashariki utafika Chongqing, iliyokuwa sehemu ya Sichuan hadi mwaka 1997. Huko sufuria ya mafuta ya ng'ombe, pilipili na huajiao huchemka katikati ya meza, na kila mtu huchovya vyake. Mlo huu ulikua miongoni mwa wafanyakazi wa bandari za mito, waliopika utumbo na maini ambayo wenye fedha hawakuyataka. Anayejua supu ya utumbo ya alfajiri sokoni anajua hekima hiyo.

Namna ya kuagiza

Usiingie peke yako. Sahani huwekwa katikati, zikaliwa na wote, na mwagizaji mzuri hapangi kali tupu. Wapishi wa Sichuan huhesabu mchanganyiko wa ladha 24, na nyingi hazina moto. Pamoja na mapo tofu, agiza gongbao jiding, kuku wa karanga mwenye utamu na uchachu. Mgahawa ukiwa nayo, ongeza kaishui baicai, kabichi ya Kichina katika supu ya kuku iliyochujwa hadi ikawa angavu kama maji. Hapo ndipo utajua kwamba mpishi huyu angeweza kukupikia bila pilipili hata moja.

Mhudumu akiuliza kiwango, sema wei la, kali kidogo. Moto ukizidi, acha maji, kwa sababu ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Kula wali au kunywa maziwa. Nyama ya nguruwe hutumika sana, hivyo Mwislamu atafute maandishi ya qingzhen mlangoni, yaani halali.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kuketi kwenye meza ya Sichuan, usihesabu pilipili. Subiri ganzi ipite, kisha onja tena: utakuta maharage, karanga, ndimu na moshi wa karai, kila kimoja mahali pake. Ukali ni mlango tu, na chakula kiko ndani.