Motokari Inakatala Kuwaka: Sikiliza Kwanza, Nunua Kisha

Fikiri umetoka Likasi asubui kutafuta samaki ku ziwa Tshangalele. Motokari yako ni ya zamani, lakini imewaka vizuri. Mangaribi, samaki iko ndani ya vikapo, unageuza funguo: «Tak!» Halafu kimya. Unageuza tena: kimya. Kisha nusu saa inawaka yenyewe, sawa vile hakukuwa kitu.

Jirani anakuambia: «Papa, ile ni batri, nunua ingine.» Unakamata franga ya masomo ya batoto, unanunua batri mupya. Kisha juma moja inakatala tena. Mwingine anasema: «Ni demarere.» Franga inaisha, ugonjwa unabaki. Mama wa nyumba akiuliza masomo italipwa na nini, utamujibu nini?

Ziwa, bomba na mashini

Ziwa Tshangalele lilizaliwa wakati ukuta wa Mwadingusha ulifunga muto Lufira, mwaka 1930, ili migodi ipate umeme. Lakini hata ziwa likijaa, kama bomba imezibwa, mashini haizunguke. Ku motokari ni vile vile: batri ni ziwa, waya munene ni bomba, demarere ni mashini. Tena umeme lazima urudi kule ulitoka. Njia ya kurudi ni waya wa masi, wenye kuunga batri na moteri na chuma ya motokari. Wengi wanaangalia njia ya kwenda tu, wanasahau ya kurudi.

Pima wakati ugonjwa iko

Motokari ikiwa muzima haitakuonyesha kitu. Siku inakatala, usikimbilie kuisukuma. Washa taa za mbele, mutu mumoja azitazame, wewe geuza funguo.

Taa zikizimika ao kufifia sana: batri imechoka, ao umeme unakwama pa vichwa vya waya juu ya batri.

Taa zikibaki kali na unasikia «tak» moja: mara nyingi vipande vya shaba ndani ya demarere vimekulika. Leo vinagusana, kesho hapana. Ku demarere nyingi fundi anaweza kubadilisha vile vipande tu. Lakini aangalie kwanza masi ya moteri.

Taa zikibaki kali, na hakuna sauti hata kidogo: tafuta ku kontakti ya funguo na ku waya mudogo wenye kwenda ku demarere. Kama ni otomatiki, jaribu kuiwasha pa N pahali pa P.

Moteri ikizunguka kwa nguvu lakini haiwake: acha batri na demarere. Tafuta esansi na moto ya bujia. Kama inakatala ikiwa ya moto, na inawaka ikipoa, bobini inaweza kuwa mugonjwa.

Fundi mwenye kipimo cha volti atajua zaidi. Batri yenye kujaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12,6. Moteri ikiwaka, karibu 14. Aweke ncha moja pa kichwa cha kutoa cha batri, ingine pa chuma ya moteri, wewe geuza funguo. Ikipita nusu volti, njia ya kurudi imezibwa.

Anza na kile hakiombi franga

Fungua vichwa vya waya: cha kutoa kwanza, na wakati wa kurudisha kiwe cha mwisho. Usivute sigara pale, gazi ya batri inapasuka. Osha ule unga wa kijani ao mweupe na maji ya moto na bikarbonati. Kwangura mpaka chuma ing'ae, kaza vizuri. Fanya vile pale waya wa masi umefungwa: kutu na rangi vinajificha chini ya buloni.

Andika pia ndani ya kaye: siku gani, moteri ya moto ao baridi, mvua ao jua, sauti gani. Utamuambia fundi: «Inakatala ikiwa ya moto, taa zinabaki kali, inafanya tak.» Neno kama hilo linaweza kukuokolea bei ya batri nzima, na batoto watabaki ku masomo.