SOMO LA NANE: Vidonge vya Misuli na Uzazi wa Mwanamke

 

Wazee wetu wa Jang'ombe wanawakumbuka Wajerumani wa Mashariki, waliokuja kujenga nyumba za Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964. Nchi yao ilikuwa ndogo, lakini ilipenda mno kushinda michezoni. Mwaka 1976, huko Montreal, waogeleaji wao wa kike walishinda mashindano 11 kati ya 13. Watu waliwastaajabia wasichana wale kwa sauti zao nzito. Siri ilifichuka baada ya nchi ile kuungana na Ujerumani ya Magharibi mwaka 1990. Walikuwa wakipewa vidonge vya buluu viitwavyo Turinabol, wakaambiwa ni vitamini! Mwaka 2000 korti ya Berlin iliwatia hatiani aliyekuwa mkuu wa michezo, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner.

Vidonge hivyo ni steroidi za kujenga misuli, zilizotengenezwa kwa mfano wa homoni ya kiume. Usivichanganye na vile vya kunenepesha. Hivyo navyo vina hatari yake, lakini si somo la leo.

Sasa fikiri hivi. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo, kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo inayotuma amri kwa vifuko vya mayai ya mwanamke kila mwezi, yai lipevuke. Homoni ya kiume ikizidi katika damu, tezi hunyamaza. Yai halipevuki, na hedhi huvurugika au hukatika kabisa. Akiacha dawa, mara nyingi hedhi humrudia, ingawa huenda akangoja miezi mingi. Sauti iliyokwisha kuwa nzito hairudi. Na akivimeza hali ana mimba ya mtoto wa kike, viungo vya uzazi vya mtoto huweza kuelekea umbo la kiume.

Je, chakula hakiwezi kumkinga? Wewe bibi uliyemo jikoni, kata biringani uliache. Punde litakuwa jeusi kwa hewa. Likamulie ndimu, litachelewa. Mwilini nako oksijeni huzaa chembe kali zinazounguza seli, na steroidi huzizidisha. Vitamini C ya mapera na machungwa, vitamini E ya karanga na korosho, rangi ya manjano ya maembe na papai, na madini ya seleniamu yaliyomo katika samaki, yote hufanya kazi ya ile ndimu. Katika majaribio ya panya zimewahi kupunguza madhara. Kwa wanawake halijathibitishwa. Nami naona sababu iko wazi: ndimu huzuia kuungua, haiamshi tezi iliyonyamaza. Kula mchicha na dagaa kwa afya yako, bali usivifanye kinga ya kumezea vidonge. Wala usinunue vitamini A kali dukani, maana ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Aliyekwisha kuvitumia na hedhi yake imekatika, aende spitali ya Mnazi Mmoja na pakiti yake mkononi, amwonyeshe daktari asimfiche.

Swali la kujibu kabla ya somo lijalo: kwa nini tezi hunyamaza?