Bei ya saa sita: ususi katika machimbo ya Osiri

Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza. Osiri Matanda, huko Nyatike, Kaunti ya Migori nchini Kenya, bei ya aina hiyo hufika kwa simu, na pesa yake ikitoka kwenye mizani ya mnunuzi huwa na vituo vichache kabla haijaondoka kijijini: hoteli, duka, baa, bodaboda, saluni. Kati ya hivyo vyote, saluni ndiyo mwanamke anaweza kuifungua bila kumiliki shimo wala mashine ya kusagia mawe. Kiti, kioo, chanuo na mikono miwili, kazi imeanza.

Na inaanza na maji. Mteja wa hapa aghalabu ameshinda akiponda mawe kwa malipo ya karai, au akiosha udongo uliosagwa, na vumbi limemwingia hadi kwenye ngozi ya kichwa. Kabla ya yote afumuliwe, aoshwe, mara nyingine mara mbili, kisha akaushwe kwa mashine ambayo hula tokeni za stima kama haina mwenyewe. Ndipo kichwa kigawanywe vipande kwa mkia wa chanuo, na nyuzi zichomolewe kwenye paketi fungu kwa fungu. Rasta nyembamba huchukua saa sita au zaidi, msusi amesimama. Mwishoni ncha hutumbukizwa kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke. Taulo huwekwa mgongoni kwa mteja, naye huambiwa asitikisike hata mtoto wake akilia.

Sasa tupige hesabu. Tuseme fundi anatoza Sh600 kwa rasta hizo za saa sita: ni Sh100 kwa saa. Kama kiti ni cha mwingine na wanagawana nusu kwa nusu, anabaki na Sh50. Matuta ya mwanafunzi, tuseme Sh100 kwa dakika arubaini, yanampa Sh150 kwa saa kabla ya kugawana. Mtindo unaopigiwa picha ndio unaomlipa kidogo. Kosa la wasusi wengi, kwa maoni yangu, liko hapo: hupanga bei kwa kuangalia jirani anatoza nini, saa zao wenyewe hawazihesabu. Dhahabu ikipanda, wateja huongezeka, lakini siku haiongezeki, na msichana yeyote anayejua kusuka anaweza kuweka kiti chake upande wa pili wa njia na kushusha bei.

Faida iliyo nyepesi zaidi iko rafuni. Kampuni ya Godrej ya India ilianza kuinunua Darling, kampuni ya nywele za kusukia, mwaka 2011, na haikufanya hivyo kwa kupenda kusuka. Paketi ya nywele huuzwa tena na tena bila kumuumiza mtu mgongo. Msusi anayeuza paketi zake mwenyewe hupata kitu hata mteja akienda kusukwa nyumbani na dada yake. Tatizo ni mtaji wa kujaza rafu. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, humwanzishia mkopaji kwa Sh500 za kurejesha ndani ya siku 14. Hizo ni paketi chache tu. Ndiyo maana chama cha mzunguko bado ndicho benki ya kweli ya saluni hizi.

Kalenda nayo ina ubishi wake. Mvua za Machi hadi Mei hujaza mashimo maji, na wachimbaji wakikaa, viti vikakaa. Ukishuka ufuoni mwa Ziwa Victoria, Muhuru Bay au upande wa Homa Bay, mambo hufuata mwezi: omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikijaa pesa hupungua, na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kabisa. Kinachookoa mwaka ni shule kufunguliwa, Desemba, na matanga. Mazishi ya Jumamosi huleta foleni Alhamisi na Ijumaa. Katikati kuna daftari la madeni. "Dada, nisuke tu, tukisafisha mchanga nitakutumia," na mchanga ukisafishwa unatoa kidogo. Fundi mwenye busara huomba nusu kabla ya kushika chanuo, hata akiitwa mchoyo.

Kodi haiwatishi sana. Pendekezo la mwaka 2023 la ushuru wa asilimia 5 kwa wigi na kucha bandia liliondolewa bungeni, na kodi ya mauzo ya asilimia 3 huanzia kwa biashara inayouza zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka. Kinachouma ni kibali cha kaunti, pamoja na mchango wa bima ya afya ya jamii, usiopungua Sh300 kwa mwezi. Huo wa mwisho ningewashauri walipe: viganja, miguu na kiuno cha msusi huanza kudai mapema.

Wanagenzi wapo tele. Hujifunza kwa kushika nyuzi na kufumua, bila mshahara, na wachache hufika kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mwenye saluni huwafunza matuta haraka ila rasta nyembamba huzichelewesha, maana akishazijua, mwanagenzi huondoka na wateja wawili watatu.