Nani Aliamua Kwamba Hatujawa Tayari?

Magofu ya Kunduchi yako karibu na kijiji cha wavuvi, chini ya mibuyu, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Msikiti wake umebaki kuta tu. Pembeni yapo makaburi ya nguzo, mengi ya karne ya 18. Ukiisogelea nguzo utaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, na nyingi zimeshang'olewa. Mji wenye msikiti wa mawe na bidhaa zilizopita mikono mingi baharini hauwezi kusimama bila watu wanaojua kuamua kesi, kutoza ushuru na kumweka kiongozi wanayemheshimu. Nayasema haya mapema kwa sababu fikra ya kikoloni kuhusu kujitawala ilianza kwa kudhani kwamba hapa hapakuwa na kitu.

Mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yaliandika, katika Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, kwamba wapo watu wasioweza bado kusimama wenyewe, na kwamba ustawi wao ni amana takatifu mikononi mwa waliostaarabika. Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza kwa msingi huo. Maneno hayo yalikuwa na asili mbili. Ya kwanza ni Edmund Burke, ambaye mwaka 1783, akiishambulia bungeni Kampuni ya India Mashariki, iliyotawala sehemu za India, alishikilia kwamba mamlaka juu ya watu ni dhamana, na mwenye dhamana lazima awajibike. Wakristo wa Kiinjili waliopigania kukomeshwa kwa utumwa waliipa hoja hiyo nguvu ya dini. Ya pili ni John Stuart Mill, aliyeajiriwa na Kampuni hiyohiyo kuanzia 1823 hadi 1858. Alipoandika juu ya uhuru mwaka 1859, aliwatenga watu wa jamii alizoziona kuwa bado changa. Hao wangetawaliwa kwanza, wakomae. Burke alimfunga mtawala. Mill alimwongezea muda.

Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alichagua kutawala kupitia viongozi wa jadi. Aliamini kwa dhati kwamba Mwafrika ajifunze kujitawala ndani ya mila zake, si kwa kumwiga Mzungu. Lakini Pwani, ambako Wajerumani waliotangulia walitumia maafisa walioitwa maliwali, maakida na majumbe, machifu wakubwa wa kurithi wa aina aliyoitafuta hawakupatikana kirahisi. Watu wa miji kama Kunduchi walikuwa wamezoea kuongozwa na ukoo, umri, elimu ya dini na mali kwa pamoja. Nadharia ya Cameron haikuwa na nafasi ya mchanganyiko huo, kwa hiyo ikauhesabu kuwa ni upungufu wao.

Wakati huohuo, jirani tu kwa upande wa kaskazini, Bagamoyo ilikuwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Alitokea upande wa Kongo, akafikishwa Pwani akiwa mtumwa. Alisoma, akafanya biashara, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tariqa ya Kisufi ya Qadiriyya. Waingereza walipoichukua Bagamoyo mwaka 1916, walimfanya liwali. Hebu tulipime hilo. Mtu ambaye nadharia ingemweka daraja ya mwisho kabisa ndiye aliyekuwa na watu nyuma yake, maana katika halka ya zikri mtumwa wa jana na mwenye shamba walikaa bega kwa bega, na cheo kilipatikana kwa elimu na uchamungu. Tariqa ilikuwa na uongozi, mtandao wa miji, ratiba ya maulidi na namna ya kuchangishana. Hakuna Mwingereza aliyeifundisha. Kwa maoni yangu, ilikuwa shule bora ya kujitawala kuliko baraza lolote la wenyeji lililoundwa kwa amri ya Gavana.

Inapoeleza tulivyoudai uhuru, historia yetu ya kawaida humtaja zaidi Mwalimu Nyerere kule Edinburgh, 1949 hadi 1952, akisoma falsafa, na ni haki atajwe. Huyu Mkatoliki aliyekuwa amemsoma Mill tangu Makerere aliigeuza hoja ya Burke imwelekee Mwingereza mwenyewe. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulipendekeza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, na London ikakataa kuwekewa ratiba. Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja huo, New York, kumdai mdhamini, Uingereza, hesabu. Alitumwa na chama chake cha TANU, ambacho Dar es Salaam kilibebwa na watu waliokwisha kujipanga zamani: Sheikh Hassan bin Ameir wa Qadiriyya, Sheikh Suleiman Takadir wa baraza la wazee, na Bibi Titi Mohamed, aliyetoka kwenye kikundi cha ngoma cha Bomba akawakusanya wanawake. Kumpa Mill sifa ya kazi hiyo ni kuwadhulumu.

Uhuru ulikuja Desemba 1961, miaka saba tu baada ya makadirio yale. Lakini swali la dini katika dola hiyo mpya lilikuwa limeshajitokeza. Mwaka 1958 Sheikh Takadir alihoji hadharani mustakabali wa Waislamu chini ya uongozi wa Nyerere. TANU ikamfukuza, na watu wakamtenga. Najua hofu iliyokuwapo: chama kingeweza kupasuka, na wakoloni walikuwa wakiomba kipasuke. Hata hivyo alistahili kujibiwa. Mwaka 1968 serikali iliipiga marufuku Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, likaundwa baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, na Sheikh Hassan bin Ameir akaondolewa Dar es Salaam, akapelekwa Zanzibar. Safari hii walioamua kwamba Waislamu hawawezi kujichagulia chombo chao hawakuwa Waingereza.